Lami ya Kiko cha Babu

Bibi yangu alikuwa na vitu viwili ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvigusa: moto wa jikoni na kikopo cha dawa ya viatu. Kikopo hicho kilinisumbua akili, maana pale nyumbani hapakuwa na mtu mwenye viatu vya kung'arisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndani hamkuwa na dawa ya viatu. Mlikuwa na kitu cheusi, kizito, kinachonata, ambacho bibi alikichokoa kwa kijiti cha ufagio kutoka kwenye mrija wa kiko chake kila moshi ulipokataa kupita. Yeye alikiita uchafu wa kiko. Sisi wajukuu tulikiita lami. Barabara ya kutoka Lamadi kuja Bariadi ilipowekwa lami kweli, nilisimama pembeni nikitazama magari ya kazi, nikawa najiuliza ni mabibi wangapi wamevuta tumbaku mpaka ikapatikana ya kutosha.

Bibi hakuitupa lami ile hata kidogo. Kupe akijificha ndani ya sikio la ng'ombe, alichovya kijiti kwenye kikopo, akampaka kupe kichwani, na muda si mrefu kupe aliachia mwenyewe. Kidonda cha mbuzi kikiingia funza, alizungushia lami pembeni yake, nyembamba kama wanja. Alinieleza nikiwa mdogo sana, akiwa amechutama zizini, kiko kikiwa kimezimika mdomoni.

"Moshi ni ule unaouona unakwenda," alisema. "Ukali wake haukwenda. Umebaki humu ndani ya mrija. Kwa hiyo hiki ulichokishika ni kikali kuliko tumbaku yenyewe. Ukikilamba, mume wangu, nitakuzika kesho."

Mume wangu ndilo jina aliloniita, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Babu alikuwa mume mkubwa, mimi mume mdogo. Babu alipofariki bado nilikuwa mdogo, nikapandishwa cheo kwa utani huohuo. Bibi aliwaambia wageni kwamba mume aliyebaki naye hajui kukamua wala kulima, anajua kula michembe tu, vile viazi vilivyokaushwa.

Msimu wa mvua uliopita nilirudi kijijini kumalizia riwaya yangu ya kwanza. Mjini nilikuwa na wenzangu tunaosomeana kazi zetu kila Jumamosi, tukisifiana na kuchinjana, na ilifika mahali sauti zao zilijaa kichwani mwangu hata yangu sikuisikia. Nikafunga begi. Kijiji chetu kiko ndani kidogo, ukiacha barabara kuu upande wa Mkula, na kukifikia lazima uvuke mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni mkali kuliko mama mkwe. Nilivuka siku ya mwisho kabla haujajaa.

Nilimkuta bibi amekonda. Kikohozi kilimlaza hospitali kabla sijafika, na daktari, binti wa umri wangu, alimwambia waziwazi, "Bibi, ukivuta tena tutaonana hapahapa, na mimi sitaki tuonane."

"Na mimi sikutaki," bibi alimjibu. Lakini alitii. Nyumbani aliweka kiko juu ya kabati, akakaa mikono ikiwa haina kazi.

Mama mdogo, mke wa baba mdogo wangu ambaye bibi anaishi kwake, ndiye aliyefanya kosa, na alilifanya kwa mapenzi. Aliona mama mkwe wake anakitazama kiko kila akipita. Basi siku bibi alipokwenda kanisani, alikishusha, akakichemsha, akakisugua kwa sabuni ya unga na mchanga wa mtoni, akapitisha waya ndani ya mrija mpaka ukawa unaona upande wa pili. Majani ya tumbaku aliyachoma. Kikopo alikikwangua, lami akaitupa chooni, kisha akakiosha kikameta. Akavipanga vyote juu ya meza kwenye kitambaa cheupe, kama vyombo vya kupokelea wageni.

Bibi aliporudi alivitazama kwa muda. Halafu akapiga magoti kidogo, kama anavyofanya mtu anayepokea zawadi kwa adabu za Kisukuma, akasema, "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona jinsi alivyokigeuza kile kikopo kitupu, akakinusa, na kukirudisha.

Baada ya hapo, ng'ombe akazaa.

Huyu hakuwa ng'ombe yeyote tu. Miaka mingi kabla sijazaliwa, babu alikwenda Mwandoya kwa miguu akarudi na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Mtamba yule alizaa, watoto wake wakazaa, na baka lile likapita kwa mama na binti. Kisha ukame ukapunguza, magonjwa yakapunguza, harusi na ada vikapunguza, mpaka kwenye zizi la baba mdogo akabaki jike mmoja tu mwenye baka, naye alikuwa mzee. Sote tulijua hiyo ndiyo mimba yake ya mwisho. Ndama alipodondoka kwenye matope, bibi aliinua mkia kwanza kuangalia, akapiga kigelegele kilichoishia kwenye kikohozi. Jike. Na kifuani, baka.

Lakini mvua haikukata, na nzi wa masika hawana huruma. Kitovu cha ndama hakikukauka. Asubuhi moja tulimkuta amelala pembeni, hanyonyi, tumbo limevimba kwa chini, na baba mdogo alipomgeuza tuliona kitovu kinachezacheza. Funza walikuwa wamejaa ndani.

Nilipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia bwana mifugo wa Bariadi. Alipokea mara moja, Mungu ambariki.

"Nipo tayari, lakini mto?" aliuliza.

"Umejaa. Bodaboda wa jana amerudishwa, pikipiki imelala kwenye matope."

"Basi sikiliza. Chemsha maji uweke chumvi, safisha, watoe funza mmojammoja. Maji yakipungua tu nakuja na sindano. Dawa ya kupuliza hamna hapo nyumbani?"

Tulikuwa na kopo, limeisha. Tulisafisha kwa maji ya chumvi. Mama mdogo alileta kibano chake cha kutolea nyusi, akawa anawatoa funza huku amegeuza uso pembeni. Waliokuwa juu walitoka. Waliokuwa ndani walizidi kuingia. Kufikia mchana ndama hakuinua tena kichwa mama yake alipomlamba.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anatazama. Ndipo aliponiita kando.

"Mume wangu, nenda dukani uniletee jani moja la tumbaku."

"La nini, bibi?"

"Nivute. Nikivuta mfululizo leo na kesho, mrija utatoa kidogo. Hao hawatoki kwa chumvi. Wanatoka kwa ile."

Sikuondoka. Alikuwa anazungumza huku kifua chake kinapiga filimbi, sauti nyembamba iliyokuwa inasikika kila akivuta pumzi. Maneno ya daktari yalikuwa bado mapya. Upande mmoja alikuwa ndama, na pamoja naye kila kilichobaki cha safari ya babu kutoka Mwandoya. Upande wa pili yalikuwa mapafu ya bibi yangu. Na mimi ndiye niliyetumwa dukani.

Baba mdogo alitusikia. "Mama, hapana. Tuchemshe majani tu, tumpake maji yake."

"Maji yanateleza, yanakwenda na mvua. Ile inashika." Bibi alimgeukia mwanawe. "Ungekuwa umemwona baba yako akitibu ungejua."

"Basi tukaombe kwa jirani, si naye anavuta?"

"Jirani yuko Lamadi kwa binti yake. Au unataka kwenda kumvusha mto huo ukiwa umemshika mkono?"

Wavutaji wa kiko kwa kweli walikuwa wamebaki hao wawili tu, bibi na jirani yake. Wazee wengine wamekufa na viko vyao, na vijana wanavuta sigara, au bangi ambayo wanajificha nayo kwenye ngitili, yale malisho tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Bibi alisimama, akashika fimbo yake. Alikuwa anakwenda dukani mwenyewe.

"Kaa, mama," baba mdogo akasema. "Nitavuta mimi."

Lazima nieleze kwamba baba mdogo ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuvuta kitu chochote, wala pombe haijagusa mdomo wake tangu aokoke. Alikwenda dukani mwenyewe, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi kama mwizi, akarudi na tumbaku kwenye gazeti. Alikaa zizini nyuma ya ng'ombe ili anayepita njiani asimwone. Akajaza kile kiko kilichosuguliwa, akakiwasha kwa kijinga cha moto, akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayenyonya uji kwa mrija.

Kilichofuata, mama mdogo bado anakisimulia. Macho yalimtoka, akakohoa sauti ya mbuzi dume, akavuta tena.

"Taratibu, baba watoto!" mama mdogo alipiga kelele. "Utakufa na mchungaji aje aulize umekufa na nini!"

"Mwambieni... nilikuwa... natibu ng'ombe," alijibu, na hapohapo akainama akatapika kwenye samadi. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akachukua kanga akamfuta mumewe mdomo. Baba mdogo, uso umemgeuka rangi, alinyoosha mkono achukue kiko tena.

"Bado, bado. Hakijatoa kitu."

Bibi alikuwa amesimama penye fito za zizi. Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, anatetemeka na kiko mkononi kwa ajili ya ndama. Aligeuka, akaingia ndani, nasi tukasikia sanduku la bati likifunguliwa.

Alitoka na kifurushi cha kaniki. Alikifungua polepole juu ya mapaja yake, na ndani kilikuwamo kiko ambacho sikuwa nimekiona tangu utoto: kichwa chake cha udongo mweusi chenye mistari aliyoichora babu mwenyewe kwa msumari, na mrija mrefu wa mti, mnene, uliolainishwa na mkono wake. Babu alikuwa mtu wa tumbaku kuanzia asubuhi. Siku alipozikwa, bibi alikichukua kiko hicho kama kilivyokuwa, bila kukichokoa, akakifunga. Hakuna aliyekisafisha. Moshi wake wote wa mwisho ulikuwa bado mle.

"Mama," baba mdogo akasema, "hicho hapana."

"Kwani unadhani nilikuwa nakiwekea nini? Nilikuwa nakiwekea siku hii. Sikujua tu."

Alijaribu kuchokoa kwa kijiti, lakini lami ilikuwa imekauka, imekuwa kama jiwe. Ilibidi mrija upasuliwe. Alinipa mimi kisu.

"Wewe ndiye mume aliyebaki," alisema. "Pasua."

Niliuweka mrija juu ya kinu, nikagonga kisu kwa mchi. Ulifunguka kwa sauti ndogo, kavu. Ndani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umepakwa weusi unaong'aa, na harufu iliyotoka ilitusimamisha sote. Ilikuwa harufu ya koti la babu. Nilikuwa nimesahau kwamba ninaijua. Baba mdogo aligeuka akatazama shamba la pamba. Bibi aliinamia mrija, akavuta pumzi moja, ndogo, kwa pua.

"Eeh," akasema. "Ndiye."

Kisha akaanza kazi. Nami namshukuru kwa kunifanya nikae karibu, kwa sababu nimesoma vitabu vingi juu ya huzuni lakini sikuwahi kuona inavyofanyiwa kazi kwa ncha ya kisu. Alikwangua kidogo, akakipasha moto kwenye kigae mpaka kikalainika, akakichanganya na samli iliyobaki chini ya kibuyu. Baba mdogo, akidhani wingi ndio uponyaji, alitaka kukwangua na kilichobaki.

"Unataka kumponya au kumzika?" bibi alimfokea. "Hii ni sumu, mwanangu. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Baba yako aliwahi kuua mbwa."

Hapo nilikimbia tena kwenye kichuguu. Sikutaka tufanye kitu bila bwana mifugo kujua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Tumbaku ni sumu kweli," alisema. "Mimi nisingekushauri. Lakini kama mnaweka, mwambie bibi mkono uwe mwepesi, aweke pembeni siyo ndani, na mama yake asimlambe. Akianza kutoa mate na kutetemeka, mwosheni haraka kwa sabuni."

Nilipomfikishia bibi, alisema, "Mwambie ana akili huyo kijana. Mfunge ng'ombe."

Tulimfunga mama mtu kwenye nguzo ya mbali, akilia. Bibi alizungushia ile lami kwenye mdomo wa kidonda, nyembamba, kama alivyokuwa akifanya zamani, kwa kidole kilichofungwa jani la mgomba. Halafu tukakaa tukingoja, na mama mdogo na kibano chake. Mvua nyembamba ilikuwa inaanza. Baba mdogo alishika gunia juu ya ndama ili isimlowanishe, akasimama hivyo mikono juu, yeye mwenyewe akilowa.

Funza wa kwanza alijitokeza kama mtu anayefukuzwa kwenye nyumba inayoungua. Kisha mwingine. Kisha wakawa wengi, na mama mdogo, ambaye asubuhi aligeuza uso, sasa alikuwa ameinama kabisa, anawadaka huku anawasema: "Njoo, njoo mwanakwetu, ulikuwa unakula nini humo? Njoo nikuonyeshe mlango." Tulipohakikisha hakuna tena, bibi alikiosha kidonda chote kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akiuondoa ule weusi, kwa sababu, alisema, ikishamaliza kazi yake haina sababu ya kukaa.

Ndama hakutetemeka. Hakutoa mate. Tulimnywesha maziwa kidogokidogo kwa chupa, na jioni aliinua kichwa. Kulipokucha nilimkuta bibi zizini kabla yangu, na ndama amesimama kwa miguu inayopishana, kichwa kimezama chini ya mama yake, mkia unapiga huku na huku. Nilitaka kusema kitu kizuri, mimi mtu wa maneno. Lililotoka ni hilo moja tu la nyumbani.

"Wabeja, bibi."

"Mshukuru mwenye kiko," alisema.

Mto ulipopungua bwana mifugo alikuja, matope hadi magotini. Alimpiga ndama sindano, akakikagua kitovu, akatupongeza kwa usafi, akatuachia kopo la dawa ya kupuliza. Alimwomba bibi ile lami iliyobaki iwekwe juu, watoto wasiifikie. Bibi alimwonyesha: ilikuwa tayari ndani ya kile kikopo cha dawa ya viatu kilichosuguliwa na mama mdogo, kifuniko kimebanwa, kikopo kiko kwenye boriti. Vipande viwili vya mrija na kichwa cha udongo vilikuwa vimerudi kwenye kaniki yao. Kabla ya kuondoka bwana mifugo alikunywa mtindi wetu vibuyu viwili, na sijawahi kumwona mtu aliyestahili zaidi.

Hofu yangu ilibaki moja. Nilijua pumzi ile moja ya pua, pale juu ya mrija, iliamsha kitu ndani ya bibi. Mara mbili nilimkuta amekishika kiko chake kisafi, anakizungusha. Nilikuwa nimekwama tena kwenye riwaya na sikuwa nikilala vizuri, na kila nikisikia anakohoa nilinusa hewa.

Ndipo jirani yake akarudi kutoka Lamadi na kapu la sangara wakavu. Walisalimiana "mwadila" ndefu za mchana, za watu ambao hawakuonana mvua nzima, wakakaa kwenye ngozi nje ya jiko, jirani akawasha kiko chake. Nilikuwa dirishani na karatasi zangu. Moshi uliwafunika wote wawili. Jirani alivuta, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akamnyooshea mwenzake, kama walivyofanya maisha yao yote.

"Shika, mayu, shika mama. Moja tu, daktari yuko Bariadi."

Bibi alikipokea. Nilisimama. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akakigeuza, akagonga majivu yote yakamwagika kwenye ardhi.

"Wee! Unanimwagia tumbaku!" jirani akapiga kelele.

Bibi alikuwa ameshavuta kijiti kutoka kwenye ufagio uliokuwa karibu naye. Alitenganisha mrija na kichwa, akaingiza kijiti, akakizungusha taratibu, akakitoa kikiwa cheusi hadi katikati, kinang'aa. Akaniita nimletee kikopo. Nilikileta mbio. Alikwangua kile kijiti kwenye ukingo wa kikopo, kwa uangalifu, mpaka tone la mwisho likashuka, kisha akaunganisha kiko, akamrudishia mwenyewe.

"Wewe vuta," akamwambia. "Mimi utakuwa unaniletea kinachobaki."